Sauti Inapopasuka Volyumu Ikipandishwa: Ni Spika au Ni Amplifaya?

Swali: Nina amplifaya ya stereo ya mtumba, nyuma imeandikwa wati 60 kwa kila upande, na spika mbili za omu 8 zenye wufa ya inchi sita na nusu. Hivi karibuni niliongeza spika nyingine mbili za omu 8 kwa ajili ya barazani, nikaziunganisha kwenye matundu ya B. Muziki natoa kwenye simu kwa waya, na besi nimeipandisha karibu mwisho. Volyumu ikivuka nusu, sauti inapasuka pande zote, hasa nikipiga amapiano au singeli. Taarabu haina shida sana. Spika ya kulia ya sebuleni hukwaruza hata sauti ikiwa ya wastani. Jioni hali huwa mbaya zaidi, na amplifaya hupata moto hadi haishikiki. Fundi ameniambia spika ni ndogo, ninunue kubwa. Je, ni kweli? (Msomaji, Tanga)

Jibu:

Ndugu msomaji,

Nakushukuru kwa kuieleza hali yako kwa ukamilifu, maana maelezo uliyoyatoa yanatosha kutenganisha mambo ambayo fundi wako ameyaweka katika kapu moja. Una hitilafu mbili, na hazitoki mahali pamoja. Kupasuka kwa sauti pande zote mbili volyumu inapovuka nusu ni dalili ya amplifaya kuzidiwa. Kukwaruza kwa spika ya kulia hata sauti ikiwa ya wastani ni dalili ya spika hiyo yenyewe kuharibika. Ukinunua spika kubwa leo, hitilafu ya pili itaondoka pamoja na spika ya zamani, lakini ile ya kwanza itabaki pale pale, na huenda ikaziunguza hata hizo mpya.

Tuanze na amplifaya, kwa sababu ndiyo inayosingiziwa mara chache na yenye makosa mara nyingi. Amplifaya hupokea umeme wa ukutani, transfoma huushusha, kapasita kubwa huuhifadhi, kisha transista huuruhusu kwenda kwenye spika kwa kufuata umbo la mawimbi ya muziki. Umeme huo uliohifadhiwa una kimo chake, na hakuna wimbi linaloweza kupanda kuliko kimo hicho. Wati 60 kwenye spika ya omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) ni sawa na volti 22 hivi kwa kipimo cha kawaida cha umeme wa mawimbi, yaani kilele cha volti 31. Pigo la ngoma likidai volti 40, transista haina mahali pa kuzitoa, kwa hiyo kilele cha wimbi hukatwa na kuwa bapa. Sikio husikia ukataji huo kama mpasuko mkavu, wenye ukali ambao haumo katika wimbo wenyewe, na husikika pande zote mbili kwa wakati mmoja, hasa pale besi inapopiga, kwa kuwa besi ndiyo inayokula sehemu kubwa ya nguvu.

Hapo ndipo taarabu na amapiano zinapoachana. Taarabu ya violini, kanuni na kodiani hukaa zaidi katika sauti za kati, ambazo spika huzitoa kwa nguvu ndogo. Amapiano hujengwa juu ya mapigo mazito ya chini yanayovutwa kwa muda mrefu, na pigo moja la namna hiyo linaweza kudai nguvu mara nyingi kuliko sauti ya mwimbaji anayesikika vizuri kabisa juu yake. Kwa hiyo uliposema kwamba taarabu haina shida sana, ulikuwa umekwisha kujibu nusu ya swali lako.

Sasa, kwa nini ipasuke kwenye nusu ya volyumu, na si mwisho? Watu wengi hukitazama kitufe cha sauti kama geji ya mafuta ya gari, wakidhani kwamba nusu ya mzunguko ni nusu ya nguvu na kwamba bado ipo nusu nyingine ya akiba. Sivyo kilivyo. Amplifaya nyingi za nyumbani hutoa nguvu yake yote zikipokea takriban volti 0.2 tu kwenye tundu la kuingizia muziki, na deki ya CD hutoa hadi volti 2, yaani mara kumi zaidi. Kitufe cha kawaida kikifika katikati hupitisha takriban sehemu moja ya kumi ya kinachoingia. Piga hesabu: sehemu ya kumi ya volti 2 ni volti 0.2, na amplifaya imekwisha kufika ukomo wake wakati kitufe kipo katikati. Nafasi iliyobaki imewekwa kwa ajili ya vyombo vyenye sauti dhaifu na rekodi zilizorekodiwa kwa sauti ndogo. Simu kwa kawaida hutoa pungufu ya deki ya CD, kwa hiyo ungetarajia kuwa na nafasi zaidi kidogo. Lakini nafasi hiyo umeimaliza kwa kitufe kingine, nacho ni kile cha besi.

Kupandisha besi kwa desibeli 10 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), jambo ambalo vitufe vya besi vya amplifaya nyingi vinaweza kulifanya, ni kuidai amplifaya nguvu mara kumi katika eneo hilo la sauti. Wimbo uliokuwa ukitumia wati 6 kwa mapigo ya besi sasa unadai wati 60. Kama na simu nayo ina ikwalaiza (kirekebisha sauti za chini na za juu) iliyopandishwa besi, mzigo unajumlishwa juu ya mzigo, na mawimbi yanaweza kuwa yamekwisha kukatwa ndani ya simu kabla hayajafika kwenye waya. Jaribio la kwanza, basi, halina gharama yoyote. Zima ikwalaiza ya simu, rudisha besi na treble (sauti za juu) za amplifaya katikati, na kama kuna swichi iliyoandikwa "loudness" izime, kwa sababu hiyo nayo kazi yake ni kupandisha besi. Sauti ya simu yenyewe iache karibu na mwisho, kisha pandisha volyumu ya amplifaya taratibu. Nina hakika utafika mbali zaidi kabla ya mpasuko kuanza, ingawa mwanzoni utauona muziki kama umepoa. Vumilia siku mbili tatu. Sikio lililozoea sukari nyingi huona chai ya kawaida haina ladha.

Kabla hujaiacha simu, chomeka spika za masikioni na usikilize wimbo ule ule unaopasuka. Ukisikia mpasuko hata humo, wimbo wenyewe ndio mbovu. Nyimbo nyingi za siku hizi hutengenezwa kwa sauti iliyobanwa juu kabisa hadi vilele vyake vimekatwa tangu studio, na nakala zilizobanwa tena na tena zikipita simu hadi simu huongeza kasoro zake. Hakikisha pia kwamba waya wa simu umeingia kwenye tundu la AUX, CD au TAPE. Tundu la PHONO ni la santuri, lilitengenezwa kwa mawimbi dhaifu ya sehemu chache tu za elfu za volti moja, na simu hulizidisha papo hapo.

Jambo linalonitia wasiwasi kuliko yote katika barua yako ni zile spika za barazani. Spika mbili za omu 8 zikiunganishwa sambamba kwenye upande mmoja, amplifaya huziona kama spika moja ya omu 4, na kwa volti zile zile mkondo wa umeme unaopita huwa mara mbili. Kilele cha volti 31 kilichokuwa kikisukuma takriban ampia 4 sasa kinataka kusukuma karibu ampia 8 kwa kila upande. Transfoma na kapasita zilizokadiriwa kwa kazi ndogo hushuka chini ya mzigo huo, kimo cha umeme kinapungua hasa wakati unapokihitaji, na mawimbi yanakatwa mapema. Moto unaosema haukuruhusu kuishika amplifaya ndio ushahidi. Soma maandishi madogo yaliyo karibu na matundu ya spika: amplifaya nyingi huandika kwamba A peke yake au B peke yake inaruhusu spika za omu 4 hadi 16, lakini A na B kwa pamoja zinataka spika zisizopungua omu 8 kila moja. Spika zako zinatimiza sharti hilo kwa jina tu. Spika inayoitwa ya omu 8 mara nyingi hushuka hadi omu 5 au 6 katika baadhi ya sauti za chini, na kwa amplifaya iliyozeeka huko ni kuiweka ukingoni. Chomoa spika za B, au zima swichi yake, kisha rudia jaribio la besi iliyo katikati. Ukiona joto limepungua na mpasuko umesogea mbali, hapo utakuwa umeshika chanzo kikubwa kwa mikono yako mwenyewe.

Kuhusu jioni, nadhani umeme ndio unaosema. Umeme wetu wa majumbani umepangwa kuwa volti 230, lakini saa ambazo mtaa mzima umewasha taa, pasi na majiko, katika baadhi ya maeneo hushuka. Amplifaya nyingi za zamani zina transfoma ya kawaida isiyo na kirekebishi cha volti, kwa hiyo umeme wa ukutani ukishuka hadi volti 190, kimo cha ndani nacho hushuka kwa kiwango kile kile, na kwa kuwa nguvu hufuata mraba wa volti, zile wati 60 zinabaki kama 41. Mtu aliyekiweka kitufe mahali pale pale mchana na usiku atasikia mpasuko usiku na kudhani spika zimechoka. Mwombe jirani mwenye mita akupimie volti za tundu la ukutani saa mbili usiku. Kama tofauti ni kubwa, stabilaiza yenye uwezo wa kutosha itasaidia, lakini ile ndogo ya televisheni usiifungie amplifaya.

Sasa twende kwenye spika ya kulia, ambayo ni mgonjwa wa kweli, au angalau ndivyo ninavyoshuku. Lazima kwanza tuthibitishe kwamba ugonjwa umo ndani ya spika. Zima amplifaya, chomoa waya za spika ya kushoto na ya kulia nyuma ya amplifaya, kisha zibadilishane: ya kushoto iingie kulia na ya kulia iingie kushoto. Washa, piga wimbo ule ule kwa sauti ya wastani. Kama mkwaruzo umebaki kwenye kasha lile lile, tatizo ni la spika au waya wake. Kama umehamia kasha la pili, tatizo lipo kwenye amplifaya au kabla yake. Jaribio hili huchukua dakika tano na lingeokoa fedha za wateja wengi ambao spika zao zilifunguliwa bure. Hakikisha tu kwamba hakuna unyuzi wa waya unaogusa unyuzi wa jirani yake kwenye matundu, maana hapo transista zinaweza kuungua mara tu utakapowasha.

Ikithibitika kwamba ni spika, ondoa kitambaa cha mbele na uitazame wufa, ile spika kubwa ya besi, kwenye mwanga mzuri. Ukingo unaoiunganisha karatasi na fremu ndio unaoharibika kwanza, hasa ukiwa wa sponji. Sponji ya aina hiyo huoza yenyewe baada ya miaka kumi hadi kumi na mitano hivi hata kama spika haipigwi kwa nguvu, na hali ya joto na unyevunyevu kama ya mwambao huiozesha upesi zaidi. Iguse taratibu kwa ncha ya kidole: ikinata au ikibaki unga kidoleni, imekwisha. Ukingo ukipasuka upande mmoja, karatasi hucheza mshazari, na koili iliyo katikati, ambayo inaelea ndani ya mwanya mwembamba wa sumaku, huanza kujikwaruza kwenye chuma. Ndiyo maana mkwaruzo wa namna hiyo husikika hata kwa sauti ndogo, tofauti na mpasuko wa amplifaya unaosubiri sauti kubwa.

Ukingo ukiwa mzima, weka vidole vya mikono miwili pande zinazokabiliana za karatasi, si kwenye kile kikombe cha katikati, na uisukume ndani kwa usawa kiasi cha milimita chache. Inapaswa kwenda na kurudi kimya. Ukisikia au kuhisi mkwaruzo kama wa mchanga, koili imepinda, imeungua na kuvimba, au imehama katikati yake. Njia nyingine ni kuchomoa waya za spika kutoka kwenye amplifaya na kuzigusisha kwa sekunde moja na betri ndogo ya volti 1.5, ile ya rimoti. Karatasi itaruka mara moja kwa mlio laini wa "tup". Ukisikia "krr", jibu umelipata. Mwenye mita apime pia omu kati ya nyaya hizo mbili: spika ya omu 8 iliyo nzima husoma kati ya omu 5.5 na 7, na hilo lisikushtue, kwa kuwa mita hupima kwa umeme usio wa mawimbi, kama wa betri. Twita, ile spika ndogo ya sauti za juu, huwezi kuipima kwa njia hiyo ukiwa nyuma ya kasha, kwa sababu kapasita iliyo njiani huuzuia umeme wa mita.

Nikukirie jambo moja la aibu. Niliwahi kuifungua spika ya mteja mara mbili nikitafuta mlio uliokuja kila besi ilipofika sauti fulani, nikakaza skrubu zote, nikabadilisha hata gundi, kumbe mlio ulikuwa wa fremu ya picha iliyotundikwa ukutani nyuma ya spika. Kabla hujampelekea mtu yeyote kasha lako, libebe ukalipige katika chumba kingine, au angalau shika kwa mkono vioo vya kabati, dirisha na vitu vilivyowekwa juu ya spika wakati besi inapiga.

Kuna namna moja ambayo fundi wako hakukosea kabisa. Wufa ya inchi sita na nusu ina mwisho wake wa kucheza. Kadiri sauti inavyokuwa ya chini, ndivyo karatasi inavyolazimika kutembea zaidi ili isikike kwa nguvu ile ile: ukishuka kutoka hezi 80 (yaani mitetemo 80 kwa sekunde) hadi 40, mwendo wake unazidi mara nne. Kama kasha lako lina tundu la kutolea hewa, sauti zilizo chini ya kiwango kilichokusudiwa kwa tundu hilo huiacha karatasi ikicheza bila kizuizi cha hewa, ikagonga mwisho wake kwa mlio wa "tak, tak". Mlio huo si mpasuko mkavu niliouelezea mwanzo. Ukiusikia, punguza volyumu mara moja, kwa sababu hivyo ndivyo koili zinavyopinda, na sitashangaa ikigundulika kwamba ya kulia ilipinda namna hiyo. Sabufa yenye amplifaya yake ndani inaweza kuzipokonya spika zako kazi hiyo ya sauti za chini, mradi sauti hizo ziondolewe pia kwenye spika ndogo kupitia krosova ya sabufa, yaani kigawanyi cha sauti za chini na za juu.

Hata hivyo, usikubali hoja kwamba amplifaya ndogo haiwezi kuiunguza spika kubwa. Wimbi lililokatwa kilele huzaa sauti za juu ambazo hazikuwemo katika muziki. Zaidi ya hayo, unapoendelea kupandisha volyumu, besi imekwisha kugonga dari na haiongezeki, lakini sauti za juu zinaendelea kupanda, hadi mgawanyo wa nguvu unageuka. Zote hizo huelekea kwenye twita, ambayo waya wa koili yake ni mwembamba kama unywele na uwezo wake halisi wa kuhimili nguvu mfululizo ni wati chache tu, hata kama kasha limeandikwa wati 150. Sikiliza twita zako zote mbili kwa sikio lililo karibu. Kama mojawapo imekuwa kimya au inasikika hafifu, hayo ndiyo matokeo.

Kwa hiyo fedha zako zianzie kwenye ukingo au koili ya wufa ya kulia, na ukibadilisha ukingo wa sponji wa upande mmoja, badilisha na wa pili, kwa kuwa ni wa umri mmoja. Spika za B ziwe zikipigwa kwa zamu na za A, si kwa pamoja. Amplifaya yenyewe, kwa kuwa ni ya mtumba, mpelekee fundi apime kama kuna umeme usio wa mawimbi unaovuja kwenye matundu ya spika, ambao haupaswi kuzidi takriban volti 0.05, na azitazame kapasita kubwa za umeme kama zimevimba. Usiifungue mwenyewe hata ikiwa imechomolewa, maana kapasita hizo hushikilia umeme kwa muda.

Ukitaka sauti kubwa zaidi baada ya hayo, zingatia kwamba kutoka wati 60 hadi 120 ni desibeli 3 tu, tofauti ambayo mgeni aliyeketi sebuleni huenda asiitambue. Ili sikio lihisi sauti imekuwa maradufu unahitaji desibeli 10, yaani wati 600. Ni nafuu zaidi kutazama namba ya usikivu wa spika kuliko wati zake. Spika za nyumbani kama zako mara nyingi hutoa desibeli 86 hadi 88 kwa wati moja, mita moja mbele yake. Spika za jukwaani hufika 97 na kuendelea. Hiyo peke yake ni kama kuwa na amplifaya yenye nguvu mara kumi. Na kama haja yako ya sauti kubwa ni shughuli za uani, ambako hakuna kuta za kuirudisha sauti na kila umbali unapozidi mara mbili unapoteza desibeli 6, kodi spika za jukwaani kwa siku hiyo, uziache hizi zako sebuleni zikipiga taarabu.